Namba za Wimbo wa Baba

Gitaa la baba lilinuka sabuni. Lilikuwa limekaa miaka mingi juu ya kabati, ndani ya katoni ndefu aliyoitoa kiwandani, na harufu ya sabuni ya kufulia ilikuwa imezama kwenye mbao zake hivi kwamba ukilikumbatia, shati lako lilinuka kama limeanuliwa sasa hivi. Jioni moja, katika nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kule Mbotela, Nairobi, baba alilishika kwa mikono miwili akaninyooshea, akasema, "Hili sasa ni lako, Wafula." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Maneno ya kujibu nilikuwa nayo mdomoni, tena machache: si mimi, baba, ni Nekesa. Nilipaswa kulikataa gitaa lile. Badala yake nilinyoosha mikono nikalipokea, na kila kitu nitakachosimulia hapa kimesimama juu ya mikono hiyo miwili ya mtoto.

Baba alitoka magharibi akiwa kijana, akaja kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Kabla ya Nairobi alikuwa mpiga gitaa wa kuitwa harusini, mtu ambaye wenye sherehe walimtumia baiskeli ya kumleta. Kisha mashine ya kiwandani ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vile vya kubonyezea nyuzi. Hatukumsikia akililia gitaa lake. Alilitia katonini akaliweka juu, na kilichobaki cha muziki wake kilikuwa wimbo mmoja aliouvumisha puani asubuhi akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo cha dirishani. Wimbo huo aliutunga mwenyewe alipokuwa akimposa mama. Haukuwa na maneno mengi, na hata hayo machache hakuyatamka mbele yetu. Mama alikuwa akitayarisha sukuma wiki na nyanya za kupeleka kwenye kibanda chake kando ya Barabara ya Jogoo, na baba akianza kuvumisha, mikono ya mama ilipunguza mwendo kidogo. Mtoto huona mambo kama hayo bila kujua anachokiona.

Dada yangu Nekesa alinizidi miaka miwili. Alikuwa amemaliza shule ya msingi na kuambiwa asubiri mwaka ujao ili aendelee, nao mwaka ujao ulikuwa unasogea mbele kama kivuli. Basi alikuwa nyumbani mchana kutwa, na mimi nilikuwa likizo, na baba alikuwa kiwandani, na mama kibandani. Ndipo jirani yetu Fundi Saidi, aliyetengeneza redio mlangoni pake, akatupatia kijitabu. Mteja mmoja alikuwa ameleta redio ikiwa imefungwa kwa karatasi na vitabu vya zamani, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kufundishia gitaa, kimeandikwa Kiingereza, jalada limeng'oka.

"Chukua, Wafula, wewe ndiye msomi wa mtaa," aliniambia. "Mimi nimekitazama nikachoka. Sijui kama hizi ni nyimbo au ni namba za simu za watu wa Uingereza."

Na kweli zilifanana na namba za simu. Ukurasa ulikuwa na mistari sita iliyolala, na juu ya mistari hiyo zimepangwa namba: sifuri, mbili, tatu, sifuri. Nilikaa na kamusi ya shule siku nzima hadi nikaelewa. Kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa. Namba inakuambia ubonyeze baina ya vyuma vipi vilivyolala shingoni, ukihesabu kuanzia kichwani. Sifuri maana yake usibonyeze, uache uzi ulie wenyewe. Nilijiona nimevumbua kitu. Tuliliteremsha gitaa kutoka juu ya kabati, Nekesa akalifuta vumbi kwa kanga, na kwa kuwa kutaja uzi wa sita na wa tano kulituchanganya, nyuzi tukazipa majina ya watu wa nyumbani. Ule mnene kuliko zote ukawa Baba. Ukafuata Mama, kisha Nekesa, kisha Wafula, kisha Toto, yaani mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa bado anatambaa, na ule mwembamba, uliolia kwa sauti kali kama sindano, tukauita Paka. Uzi wa kuachwa bila kubonyezwa tuliuita bure.

Tulikuwa na namna yetu ya kufanya kazi. Nekesa alikaa kwenye kigoda na gitaa mapajani, mimi nikakaa kitandani na kijitabu, nikamsomea kama karani anayeita majina ya vibarua getini. "Mama tatu. Nekesa mbili. Nekesa bure. Paka bure. Rudia Paka." Alibonyeza, akapiga, akangoja inayofuata. Mimi mwenyewe nilijaribu kupiga siku za mwanzo, lakini nyuzi zile zilikuwa na kutu na zilikata ncha za vidole, nami nilikuwa mtoto wa kutaka sifa bila malengelenge. Yeye vidole vyake vilivimba, vikapasuka, akavichovya kwenye maji ya chumvi, akarudi kwenye kigoda.

Kwa wiki nzima ya mwanzo tulipiga upuuzi mtupu. Kijitabu kilidai kwamba wimbo wa kwanza ni wa Krismasi, ule ule tuliouimba kanisani kila mwaka, lakini kilichotoka kwenye gitaa hakikuwa Krismasi wala Pasaka. Mimi niliamua kwamba Wazungu ndivyo wanavyouimba. Nekesa hakukubali.

"Huu wimbo umesimama kwa kichwa," alisema.

"Kitabu kimeandika hivyo."

"Kitabu kimeandika, lakini wewe umekisomaje? Mstari wa juu kabisa unaniambia ni nani?"

"Ni Baba. Tazama, gitaa likiwa mapajani Baba ndiye yuko juu, karibu na uso wako."

Aliujaribu mwanzo wa wimbo kwa Paka badala ya Baba, polepole. Krismasi ikatokea chumbani mwetu katikati ya mwezi wa Agosti. Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Wewe msomi umempindua baba yako miguu juu," aliniambia. "Paka ndiye yuko juu kwenye karatasi. Baba amelala chini." Nilipofungua ukurasa wa mbele na kusoma vizuri, nikakuta maelezo hayo hayo, sentensi niliyoiruka kwa sababu nilidhani najua. Sikumwambia kwamba ilikuwa imeandikwa. Hata wakati huo nilikuwa nimeanza kuficha.

Baada ya hapo alikwenda mbio. Namba za kijitabu zilisema pa kubonyeza, lakini hazikusema ukae hapo kwa muda gani, na hapo ndipo mimi nilipokwama na yeye akapita. "Kinasema wapi, hakisemi lini," alinung'unika, kisha akafumba macho na kuutafuta mwendo wa wimbo kwa mguu sakafuni. Hata kuzipatanisha nyuzi nilimwachia. Kijitabu kilieleza: mbonyeze Baba kwenye tano, kisha umkaze au umlegeze Mama hadi sauti zao ziwe moja. Niliweza kuyasoma maelezo hayo kwa sauti nzuri, lakini sikuweza kusikia ni wakati gani sauti zimekuwa moja. Kwangu zilikuwa moja tangu mwanzo. Nekesa aliinamisha sikio juu ya mbao, akazungusha vishikio vya kichwani kidogo kidogo, kisha akasema, "Hapo. Wamepatana." Nje watoto walipiga makopo, bomba la mtaa lilipiga kelele ya maji yanayokaribia kukatika, na redio zote za Fundi Saidi zilikoroma kwa pamoja. Yeye alisikia.

Nyimbo za kijitabu zilipoisha, alianza kuutafuta wimbo wa baba. Haukuwa na namba popote. Aliuvuta kutoka kwenye kumbukumbu ya kunyoa ndevu, leo kipande, kesho kipande, kidole gumba kikitembea kwa Baba na Mama, cha shahada kikijibu kwa Toto na Paka, kama alivyosikia wapigaji wa kwetu kwenye redio. Mimi sikuwa na kazi tena. Nilikaa kitandani na kijitabu kimefungwa, na nakumbuka vizuri kwamba sikuufurahia wimbo ule. Niliona kama nimefukuzwa.

Siku baba alipotusikia, mashine ya kiwanda ilikuwa imeharibika na wafanyakazi wakaachiliwa mapema. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Nekesa aliumaliza wimbo wote kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho bila kukwama, kisha akakumbuka jiko. Akaniwekea gitaa mapajani, "Nishikie, moto utazima," akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kupepea makaa. Wakati huo huo mlango wa mbele ulifunguka. Baba alikuwa amesimama nje ya dirisha muda wote, pazia likiwa limeshushwa, akisikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama mimi, akalitazama gitaa mapajani pangu, akavua kofia ya kazi.

"Ni nani aliyekufundisha?" aliuliza.

"Kitabu," nilijibu. Na huo, kwa hesabu za mtoto, haukuwa uongo.

Alinawa mikono, akala ugali, mama akiwa bado hajarudi. Baada ya kula alilichukua gitaa, akalinyoosha, akasema maneno niliyoyataja mwanzoni. Nekesa alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Katika nyumba yetu msichana hakumkatiza baba neno, na hakuwa na haja, kwa sababu mimi nilikuwepo na nilijua. Alinitazama. Hakukunja uso. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja kila siku nimsomee namba inayofuata.

Nililipokea. Baba akanishika bega kwa ule mkono wenye vidole vitatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajali. Nani angelitaka bega lake liachwe? Najua si udhuru.

Baadaye, tukiwa bombani na ndoo, Nekesa aliniuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nitasema kesho."

"Haya. Kesho."

Hiyo kesho niliiahirisha hadi akaacha kuuliza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema jinsi inavyokuwa tamu hatua za mwanzo. Baba alitembea mtaani kichwa juu. Alimwambia Fundi Saidi, akawaambia wenzake wa zamu, akawaambia watu wa nyumbani magharibi waliokuwa wakikutana ukumbini kila mwisho wa mwezi kusaidiana misiba na harusi: mwanangu anaupiga ule wimbo. Wakamwambia amlete, naye akasema atangoja kunisikia tena mbele yao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sikuwa hata na tembo la kutia maji.

Ilibidi nimwendee Nekesa. Nilidhani atanicheka au atakataa, na laiti angekataa. Alikaa kwenye kigoda, akanichorea mistari sita nyuma ya kalenda, akaanza kunitajia. "Baba bure. Toto mbili. Mama mbili. Paka bure." Tulikuwa tumebadilishana mahali, yeye anasoma bila karatasi na mimi naandika. Alinipa wimbo wote. Alinisimamia hadi vidole vyangu vikavimba kama vyake, akanisahihisha bila hasira. Mwisho akasema neno moja tu la kujiombea.

"Nije nawe ukumbini. Nitakaa nyuma. Nyuzi zikilegea nitakukazia, kisha nitatoka."

"Baba amesema wasichana wabaki na Toto," nilimjibu. Baba hakuwa amesema. Niliogopa watu wamwone akizungusha vishikio na kujua.

"Usilipitishe juani basi," alisema. "Likipata jua zitalegea."

Tulitembea na baba kutoka Mbotela hadi ukumbini jua likiwa utosini, kwa sababu baba alitaka watu waone. Nililibeba wazi kifuani, bila katoni. Ukumbini palikuwa na viti vya mbao, soda, wanawake wamefunga vitambaa vizuri, wazee wa kwetu wamekaa mbele. Baba alisimama, akasema kwamba mashine ilichukua vidole vyake lakini Mungu amemrudishia kumi. Watu wakapiga makofi. Nikaketi, nikaitandika karatasi ya kalenda kwenye kiti, nikapiga.

Nilipiga kila namba mahali pake. Hilo naweza kuapa hadi leo. Baba bure, Toto mbili, Mama mbili, sikukosea hata moja. Na hakuna aliyeutambua wimbo. Nyuzi zilikuwa zimelegea kila moja kwa kiasi chake, na mimi, niliyekuwa nimeishika karatasi sahihi kabisa, sikuweza kusikia kwamba kilichotoka hakikuwa kitu. Nilijua kwa kuzitazama nyuso. Mwanamke mmoja alimficha mtoto wake aliyekuwa akicheka. Kisha mzee wa mbele, mtu wa mzaha, akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu hapigi gitaa, anahesabu magunia." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, tena kicheko cha wema, cha watu waliokuwa tayari kumsamehe mtoto. Cha kuazima hakisitiri matako, na yangu yalikuwa nje mbele ya ukoo mzima.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri nimalize, akalichukua gitaa mikononi mwangu taratibu, akaenda kwa jamaa mmoja aliyekuwa anasafiri nyumbani siku hiyo. Nilimsikia akimwambia, "Lipeleke. Mpe kijana yeyote huko. Siku ile dirishani masikio yangu yalinidanganya. Kwangu hakuna mtu." Njiani alitembea mbele yangu akiwa ameuficha mkono wa kushoto mfukoni, kama alivyozoea kabla ya mambo hayo yote.

Nekesa alitupokea mlangoni. Alitazama mikono yangu, akatazama mikono ya baba, akatazama njia tuliyotokea. "Liko wapi?" aliniuliza. Nilimwambia limekwenda nyumbani, magharibi. Alichukua ungo akaendelea kuchagua maharagwe, na mimi nikaitia ile karatasi ya kalenda jikoni, chini ya sufuria, nikaitazama ikiungua. Nilidhani nachoma aibu yangu. Baba hakuuvumisha wimbo ule tena. Alinyoa kimya. Mama aliendelea kupanga nyanya zake asubuhi, mikono yake ikienda mwendo mmoja.

Mimi nilipelekwa sekondari. Mwaka ujao wa Nekesa haukufika. Aliuza mitumba, akaolewa, akalea, akahamia mtaa wa Komarock. Nilipata nafasi nyingi za kumwambia baba ukweli, akiwa na nguvu, akiwa mgonjwa, hata akiwa kitandani na akili zake zote. Kila mara nilijiambia kwamba ni jambo la kitoto, mzee atakuwa amelisahau. Alipofariki tulimpeleka nyumbani magharibi, na siku ya mazishi walikuja vijana na spika kubwa na nyimbo za kukodi. Mama, akiwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, akawainulia mkono wanyamaze.

"Na ule wimbo wangu," aliuliza, "kati yenu hakuna anayeujua?"

Watu walitazamana. Nekesa alikuwa amesimama kando yangu, amejitanda leso. Nilimgeukia. Wakati huo hata kuuimba tu kungetosha.

"Mwulizeni Wafula," alisema kwa upole. "Gitaa lilikuwa lake."

Nilikuwa na nywele nyeupe, na watu wakaningoja, na sikuwa na cha kutoa.

Mjukuu wangu sasa anajifunza gitaa. Kijana wa mtaani, salamu yake ni "babu, niaje," nami nimezoea. Mistari sita ile ile na namba zile zile zinapita kwenye simu yake zenyewe, zikimwonyesha wapi na lini, na simu hiyo hiyo inamwambia uzi ukilegea. Hahitaji mtu wa kumsomea wala wa kumsikilizia. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu aliniuliza juzi kama babu yangu au baba yangu aliwahi kuwa na wimbo, ili aujaribu. Nikaenda naye Komarock. Nilimwomba Nekesa auvumishe mara moja tu, kijana aunase kwenye simu yake. Alinimiminia chai kwanza.

"Nimeusahau, Baba Simiyu," alisema.

Tangu nizae Simiyu, mtoto wangu wa kwanza, akizungumza nami huniita hivyo, kama majirani. Sijui kama kweli ameusahau. Sikuwa na haki ya kumwuliza mara ya pili, basi tukazungumzia mvua na bei ya mahindi hadi chai ikaisha, tukaaga.

Niseme bila kuzunguka. Kulipokea gitaa lile kulinigharimu wimbo wa baba yangu, kwa maana hakuna mtu aliye hai atakayeupiga tena, na baba alikwenda kaburini akiamini kwamba katika nyumba yake hakuwepo wa kuushika, ilhali alikuwepo, amesimama mlangoni na ungo. Tena kulinigharimu dada yangu. Yuko hai, si mbali nami, hanichukii, na hana haja nami.